Hata mgeni hupewa siku mbili kabla ya jembe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake kuna maneno nayasikia kila siku hapa Malindi na nimechoka nayo, kwamba vijana wa pwani hatutaki kazi, eti ukimpa mtu kazi ya nguvu siku ya kwanza anashika kiuno na siku ya pili simu imezimwa. Juzi nimemsikia mtu kwenye redio akisema hivyo hivyo na watu wakawa wanapiga simu kucheka. Mimi ni mmoja wa hao walioshika kiuno, na hii barua naiandika nimesimama, simu nimeiegemeza dirishani, kwa sababu nikikaa kitako kidogo tu mguu wa kushoto unaanza kufa ganzi.

Nilikuwa weita. Watu wa huku wanajua korona ilitufanya nini, Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, Waitaliano waliokuwa wakijaa huku wakaondoka karibu kwa pamoja, hoteli zikafungwa, kuna zilizofunguliwa tena na kuna ambazo mpaka leo ni makuti yanaoza tu. Ya kwetu haikufunguliwa. Kutoka hapo imekuwa ni kubahatisha, leo kupakua pilau kwenye harusi ya watu, kesho kumshikia mtu duka akienda kuswali, na siku nyingi, nyingi sana, za kukaa maskani hapa Kisumu Ndogo kuanzia asubuhi mpaka unaona haya kurudi nyumbani kuulizwa umeleta nini.

Watu wanafikiri aliyekaa bila kazi anakuwa amepumzika, kwa hiyo akipata kazi ana nguvu za akiba. Sivyo. Daktari aliyeniona alinieleza vizuri kuliko nitakavyoeleza mimi, kwamba misuli ya tumbo na mgongo ndiyo inayoushikilia uti, isipotumika inalegea pole pole wala huoni, na ukianza kuitumia tena misuli yenyewe inarudi mbio lakini kano zinachelewa, kwa hiyo kuna wakati mtu anajiona amekuwa mzima kabisa na kumbe ndio wakati wa kuumia. Mimi hata huko sikufika. Niliumia siku ya kwanza kabla ya adhuhuri.

Kazi alinitafutia shemeji yangu, mjengo wa nyumba ya ghorofa upande wa Casuarina, na siku niliyoitwa ilikuwa siku ya slabu, yaani ya kumwaga zege la sakafu ya ghorofa. Hapa ndipo nataka wasomaji wanielewe, hasa wale ambao hawajawahi kusimama kwenye saiti. Siku za kawaida fundi anatosha na watu wake wa mkono, wala hawahitaji mtu mpya. Siku ya slabu ndio wanataka watu wengi kwa mpigo, kwa hiyo ndio siku ambayo fomeni anawaambia wenyeji wa saiti kila mtu aje na mtu. Kwa hiyo siku ambayo sisi tusio na kazi tunapata mlango wa kuingilia ndiyo siku nzito kuliko zote. Na haina kupumzika, kwa sababu zege likishaanza kumwagwa halingoji, simiti inaanza kushika baada ya saa chache, ukiacha nusu ukaja kumalizia kesho pale zege jipya linapokutana na la jana panakuwa na udhaifu na maji yatapita hapo. Mimi sibishani na hilo, nyumba ya mtu lazima isimame.

Ninachobishana nacho ni vile watu wanavyopangwa. Wenyeji wanajua kujipanga, bwana. Mmoja ameshika mpira wa maji, wawili wako na beleshi kwenye mchanga, mwingine yuko kwenye mashine anapasua mifuko ya simiti, mafundi wako juu wanasawazisha na ubao. Mgeni anapelekwa kwenye ngazi. Ile ngazi ya mbao iliyoinama, iliyopigiliwa vipande vya kukanyagia na vingine vimeshang'oka, imelowa tope la simiti kuanzia chini mpaka juu, na wewe kazi yako ni kupokea karai kutoka chini unapanda nalo hatua kadhaa unamkabidhi wa juu yako, halafu unageuka kupokea lingine. Fomeni alipojua nilikuwa weita ndio ikawa utani wa saiti nzima, "Weita, sahani ya pili hiyo! Weita, wageni wana njaa!" Nilicheka pia, utani wa mjengo lazima ucheke.

Lakini hebu tupige hesabu ya hiyo sahani. Lita kumi za maji ni kilo 10. Lita kumi za zege ni kama kilo 24, na karai likijazwa vizuri linafika hapo au linapita. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume asibebeshwe mzigo wa zaidi ya kilo 55 kwa wakati mmoja, kwa hiyo fomeni akisikia hivyo atafurahi, atakwambia hata mfuko wa simiti ni kilo 50, tuko ndani ya kipimo. Kipimo hicho ni cha mzigo mmoja. Hakisemi kitu kuhusu karai baada ya karai bila nafasi ya kunyoosha mgongo, kwenye jua la Malindi, umevaa malapa, na umetoka kukaa maskani. Sheria yetu wenyewe ya usalama kazini ya mwaka 2007 imesema vizuri zaidi, kwamba mtu asipewe kuinua wala kubeba mzigo mzito kiasi cha kuweza kumuumiza. Haijataja kilo. Maana yake umwangalie mtu mwenyewe.

Kilichonivunja si hata uzito, ni kugeuka. Nilipokea karai kutoka kushoto, nikajipinda kulia kumpa wa juu, lapa likanasa kwenye kipande cha mbao mguu ukabaki nyuma na kiwiliwili kikaenda na karai. Nikasikia kitu kiunoni kama mtu amevunja kijiti kikavu, halafu moto ukashuka kwenye paja la kushoto mpaka kwenye kisigino. Karai likaanguka. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa fomeni, na alichopigia kelele ni zege.

Wakanishika wakanilaza chini ya mwarobaini, mtu akaniletea soda, Mungu ambariki. Nikapewa malipo ya nusu siku na nauli ya bodaboda. Bodaboda, mhariri! Mtu ameumia mgongo unampakia pikipiki apite kwenye yale mashimo ya mtaani. Na baada ya siku chache nilipompigia fomeni kumwambia kuna eksirei na dawa, akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, wewe hujaandikwa popote, ulikuja kutusaidia tu." Na alikuwa anasema kweli kuhusu daftari, manake pale majina huandikwa jioni wakati wa kulipana. Ukiumia kabla ya jioni kwenye karatasi wewe hukuwepo.

Sasa hili nililitafuta na nimelipata, na wenzangu wa vibarua mlisome vizuri. Kuna sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, watu wa leba wanaiita WIBA. Haikumtoa kibarua nje eti kwa sababu analipwa jioni. Inasema mwajiri lazima awe na bima ya wafanyakazi wake, matibabu ya kuumia kazini ni juu yake, na ukishindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi una haki ya malipo kulingana na ulichokuwa unapata. Kumjulisha mwajiri si lazima uandike barua, hata kwa mdomo inatosha, mwenyewe au mtu kwa niaba yako, na yeye akishajua ana siku saba za kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Wewe una miezi kumi na miwili ya kudai. Nimeandika hivi kwa sababu pale chini ya mwarobaini tulikuwa watu wazima kadhaa, wengine wamezeeka kwenye mjengo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisikia.

Nyumbani nako ni kesi nyingine. Mama alitaka nilale chali kwenye mkeka mpaka nipone, anichue na mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Kuchuliwa sikukataa, nani atakataa mkono wa mamake, ila daktari alisema kulala siku nzima ndiko kunakochelewesha, nitembee kidogo kidogo ninavyoweza, nisiiname na kujipinda kwa pamoja, na akaniuliza mara mbili kama mkojo unatoka vizuri na kama nina ganzi katikati ya mapaja, manake hilo likitokea hata ni usiku wa manane unakimbizwa hospitali kubwa, si la kungoja asubuhi. Pesa ya eksirei alitoa dada yangu anayeuza viazi karai. Kuna watakaouliza SHA, ile bima ya afya ya serikali, iko wapi. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa, lakini sisi tusio na mshahara tuliambiwa tulipe ya mwaka mzima kwa pamoja, sasa huyo wa maskani aitoe wapi?

Turudi kwa wale wa redioni. Watafiti wa Kanada waliochunguza majeraha ya kazini waliona kwamba mtu aliye kwenye mwezi wa kwanza wa kazi ana hatari ya kuumia mpaka akose kazi zaidi ya mara tatu kuliko aliyepitisha mwaka. Huko Kanada hakuna mvivu wa pwani. Na Wamarekani, ile taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, kwa kazi za kwenye joto wanashauri mtu mpya siku ya kwanza asipewe zaidi ya asilimia 20 ya kazi ya kawaida kwenye hilo joto, halafu aongezewe asilimia 20 kila siku, kwa hiyo siku ya tano ndio anafika pale wenzake walipo. Sisi wenyewe bila taasisi yoyote tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye mjengo mgeni anapewa jembe kabla hajamaliza kusalimia.

Najua kontrakta naye anabanwa, mwenye nyumba yuko Ulaya anataka picha ya slabu kwenye simu ikifika jioni. Lakini ninachoomba hakimgharimu hata shilingi. Majina yaandikwe asubuhi na namba za vitambulisho kabla mtu hajagusa karai. Mgeni aanzie kwenye mchanga au mpira wa maji, na ngazi iwe ya zamu, wenyeji pia wapande, wao ndio migongo yao imezoea. Hivyo vipande vya ngazi vipigiliwe misumari. Na malapa yasiruhusiwe, kama hakuna gambuti za kutosha basi watu wapungue.

Mimi wiki hii shemeji atanisindikiza ofisi ya leba, ana video aliyochukua yeye mwenyewe asubuhi ile kutuma kwa mke wake na mimi naonekana kwenye ngazi nimebeba, kwa hiyo tutaona kama bado nilikuwa nasaidia tu. Na wewe mhariri kama una mwandishi huku kwetu, mtume saiti yoyote siku ya slabu, afike saa kumi na mbili asubuhi, asiulize habari za uvivu. Aulize leo mgeni ni nani, na amewekwa wapi.

Aliyekuwa weita,
Kisumu Ndogo, Malindi