Kabla hujafungua darasa lako

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza nikairudia, nikaona nikikujibu kwa simu nitasahau nusu ya mambo. Bora nikuandikie, ukae nayo mpaka utakapohamia huku.

Umeniambia unarudi Dar, na umechoka kuzunguka saluni kwa huyu na dukani kwa yule ukiwafundisha kutunza hesabu mmoja mmoja. Sasa unataka kuwakusanya uwafundishe kwa kikundi, na unauliza kama inalipa. Inalipa. Ila kinachowafanya watu walipe, warudi na walete wenzao sidhani kama ndicho ulichokitaja wewe. Wewe ulitaja uzoefu wako wa benki na cheti chako cha uhasibu. Hivyo vyote unavyo na vina heshima yake. Lakini kinachomfanya mtu alipe ada ya kikundi ni wale wenzake tisa atakaokaa nao chumba kimoja. Kazi yako kubwa ni kuwachagua vizuri, halafu kukilinda kikundi kisiharibike.

Ngoja nikuoneshe. Nina kikundi cha waokaji keki, wote wanaokea nyumbani, wengine Mbagala, wengine Tabata, wengine Kimara. Jumamosi moja dada wa Tabata alisimama kuandika ubaoni gharama za keki ya kilo moja, ambayo anaiuza 35,000. Unga, mayai, sukari, siagi na krimu: 21,000. Akafunika kalamu, akasema faida yake ni 14,000. Wa Mbagala akauliza, "Boksi je?" Akaandika 2,000. "Na gesi?" Akakadiria 2,000 nyingine. Kisha mama mmoja mtu mzima, ambaye mara nyingi hukaa kimya tu, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, na boda anayepeleka keki Mbezi, nani anamlipa?" Dada akajibu kwamba anamlipa yeye, 5,000, kwa sababu wateja wanapenda kupelekewa bure. Zikabaki 5,000, na hapo usiku mzima wa kupamba haujahesabiwa. Dada akabaki anautazama ubao.

Muda wote huo mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, sijatia neno. Hesabu ile ningeweza kumfanyia mwenyewe kwa dakika mbili, naye angeitikia "ndiyo kocha", akaenda nyumbani na kuendelea kama zamani. Alipoulizwa na watu wanaonunua mayai anakonunua yeye, wiki ileile boda ikawa juu ya mteja. Na wawili wengine wakabadilisha bei zao bila kuambiwa na mtu. Hicho ndicho unachokwenda kuuza, shoga yangu. Yanayofuata yote ni namna ya kukifanya kitokee tena na tena.

Kwanza, achana na hilo wazo lako la kutangaza "wafanyabiashara wadogo wote mnakaribishwa". Mwenye duka Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou na mama anayeuza vitenge Tandika wote ni wafanyabiashara, lakini mmoja ataongelea ushuru bandarini na mwenzake ataongelea wateja wanaokopa hawalipi, na kila mmoja atasubiri zamu yake huku anachati. Wewe unazijua saluni. Unajua msusi analipwa kwa kichwa au kwa kamisheni, unajua dawa za nywele zinavyoisha kabla ya wakati na hakuna anayejua zimekwenda wapi, unajua kodi ya fremu inavyodaiwa ya miezi sita kwa mkupuo. Chukua wenye saluni. Halafu angalia wasiwe wa mtaa mmoja: weka wawili wanaogombania wateja walewale, na hakuna atakayetaja bei yake ya kweli. Usimweke tajiri na mfanyakazi wake kwenye kikundi kimoja. Na usimpokee mtu kabla hujaongea naye kwa simu. Muulize saluni iko wapi, ana viti vingapi, anaandika nini mwisho wa siku. Akikwambia shida yake ni mtaji tu basi, mweleze kwa heshima kwamba wewe hukopeshi, usichukue hela yake.

Idadi nitang'ang'ania: wanane mpaka kumi. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja, na najua utavutiwa na hesabu ya watu 200 kwa 10,000 kila mmoja. Hao 200 watasoma ujumbe wako wa asubuhi, watatuma maua, na hakuna saluni itakayobadilika. Mfaransa mmoja, Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyopunguza nguvu yake. Hata ICF, shirikisho la kimataifa la makocha (si wa mpira, wa kazi na maisha) lililoanzishwa mwaka 1995, likihesabu saa za kocha anayeomba hati yake, kikundi kinachozidi watu 15 halikihesabu kama ukocha. Ukitaka hati hiyo siku moja, ile ya kwanza inadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya ukocha wenyewe, kwa hiyo anza kuandika saa zako tangu kikundi cha kwanza. Ila usiisubiri. Mwenye saluni atakuuliza umemsaidia nani.

Mkutano wenyewe usiugeuze kuwa hotuba. Mimi natumia saa mbili. Nusu saa ya kwanza kila mtu anasema aliahidi nini wiki iliyopita na amefanya nini, kwa kifupi, bila kujitetea. Kisha mtu mmoja au wawili wanakaa katikati: analeta daftari lake na jambo moja linalomkwamisha, wengine wanamuuliza maswali kabla ya kumpa ushauri. Hapa utapata tabu, maana sisi watu wa Dar tunapenda kushauri kabla hatujasikia. Wakatishe kwa upole, waambie, "Bado, kwanza tuulize." Dakika ishirini za mwisho ndizo zako: hapo ndipo unafundisha jambo moja, na liwe limetoka kwenye yale waliyoyaongea. Kila usiku wapige picha ukurasa wa mauzo waitume kwenye grupu. Akikosa mtu, usimtafute wewe, waachie wenzake. Utaona wanavyofuatiliana.

Mahali na muda vinaua vikundi vingi kuliko mafundisho mabaya. Chagua chumba karibu na kituo cha mwendokasi, Magomeni au Manzese pale, ili wa Kimara na wa Gerezani wote wafike bila kubadilisha magari mengi. Kwa wenye saluni Jumamosi ni marufuku, siku hiyo ndiyo wanapata hela. Wachukue Jumatatu au Jumanne asubuhi, mteja bado hajaamka. Usianze kikundi Januari, watu wote wamelipa ada za shule na hawana kitu. Mwezi wa Ramadhani sogeza muda au pumzika, na mwishoni mwake saluni zinajaa kwa ajili ya Idi, kwa hiyo hutawapata hata ukiwabembeleza. Desemba ndiyo usahau kabisa. Zoom inakula bando na mtu anaiwasha huku anasuka, mimi naiweka kwa dharura tu.

Sasa hela, maana najua ndiko ulikotaka nifike. Ukimfundisha kila mmoja kivyake saa nane, watu kumi ni saa 80, na hapo foleni ya Ubungo hujaihesabu. Kikundi cha wiki nane, saa mbili kila wiki, ni saa 16. Tuseme ada ni 180,000 kwa mtu: kumi wanakupa 1,800,000. Chumba 50,000 kwa siku kinakula 400,000, chai na vitafunwa 30,000 kwa siku vinakula 240,000, karatasi na bando weka 100,000. Unabaki na 1,060,000. Ukiwa na vikundi viwili kwa wakati mmoja, siku mbili za wiki, unajua mwenyewe ni kiasi gani. Ukiona 180,000 ni nyingi kwa watu wako, ruhusu walipe mara mbili, lakini nusu ya kwanza iingie kabla ya siku ya kwanza na nusu ya pili kabla ya wiki ya nne. Chukua lipa namba yenye jina la biashara, usipokee kwenye namba yako mwenyewe. Usikubali "nitakulipa nikishaona faida". Anayedaiwa ataanza kukukwepa, ataacha kuja, na kiti chake kikiwa wazi wenzake nao wanapoa. Dada zetu na mashoga zetu wa zamani nao walipe. Kama kuna mtu unataka kumsaidia, msaidie wazi, kiti kimoja kila kikundi, na wengine wasijue ni nani.

Habari za TIN na TRA sikufundishi, mhasibu ni wewe, na unajua kwamba anayetoa mafunzo hayumo kwenye ule mfumo wa makadirio wa wafanyabiashara wadogo. Ila siku kampuni ikikuita ufundishe wafanyakazi wake, watazuia 5% ya malipo yako kama kodi. Dai cheti cha zuio hapohapo.

Kukilinda kikundi, hapa naomba unisikilize sana. Kwanza, wiki ya tatu watu wanaanza kusema ya ndani. Utasikia nani amekopa kausha damu ili alipe kodi ya fremu, na nani mume wake anachukua hela kwenye droo. Siku ya kwanza kabisa kubalianeni kwa mdomo, mmoja mmoja, kwamba linalosemwa chumbani linabaki chumbani. Usipige picha ya ujumbe wa mtu ukaiweka Instagram ili ujitangaze, hata akiwa amekusifu, bila kumuomba ruhusa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mtu amekuamini.

Pili, piga marufuku kuuziana ndani ya grupu. Haichukui muda atatokea mtu na dawa za kupunguza tumbo, au biashara ya mtandao ya kuleta watu wawili na kila mmoja alete wawili. Mtoe mapema.

Tatu, na hili linakuja kwa nia njema, watakwambia, "Kocha, tuchangishane basi, tuanze kukopeshana." Wanapendana, wanaaminiana, wanaona raha. Kataa. Wakitaka VICOBA waunde chao kwa utaratibu wake: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 pamoja na kanuni zake inataka kikundi cha namna hiyo kiwe na watu 10 mpaka 50 na kisajiliwe, na halmashauri ndiyo inayoshughulikia usajili huo. Kwako wewe, siku mmoja akichelewesha marejesho, hakuna tena atakayefungua daftari lake mbele ya anayemdai.

Wateja wa kwanza usiwatafute mbali. Hao unaowafundisha sasa huko, chukua watano wanaokuelewa, waombe kila mmoja akuunganishe na mwenye saluni mmoja anayemjua huku Dar. Kisha nenda kwa wauzaji wa jumla wa rasta na dawa za nywele Kariakoo. Wale wanazijua saluni zote za mji huu, wanajua nani analipa kwa wakati na nani anahangaika. Mteja wao akiweka hesabu vizuri, nao wanalipwa vizuri, kwa hiyo watakusikiliza. Na kwenye tangazo lako usiahidi mtu mamilioni. Mji umejaa watu wanaopiga picha na magari ya kukodi wakiwaahidi watu utajiri kwa siku thelathini, na wanaolipa ni mama zetu. Mimi inaniuma sana. Wewe andika tu kwamba baada ya wiki nane mtu atajua kila mwisho wa siku saluni imeingiza nini, imetoa nini, na chake ni kipi. Hilo unaweza kulitimiza.

Wiki nane zikiisha watakataa kuachana. Waandalie mkutano mmoja kila mwezi, 20,000 kwa mtu, waliomaliza vikundi mbalimbali wakae pamoja. Ukiwa na kumi na tano ni 300,000 ya uhakika kila mwezi, na huko ndiko wateja wapya wanakotoka, kwa sababu kila mmoja ana ndugu mwenye saluni.

Ukishafika nipigie kabla hujalipia chumba chochote, kuna wenye kumbi wanatoza kama harusi. Waokaji wangu nimeshawauliza, wamekubali uje Jumamosi moja ukae nyuma usikilize. Njoo na orodha ya hao watano utakaounganishwa nao tuipitie mimi na wewe, tuone nani akae na nani.

Wasalimie sana shemeji na watoto, na mama mkubwa umwambie dawa yake ya miguu nimeipata, nitamtumia kwa basi la Ijumaa.

Ni mimi shoga yako