Ukuta unaochafuliwa kila wiki: usikimbilie kuupaka rangi tena

Kuta tunazoitwa kuziangalia hapa Dar es Salaam zinafanana sana. Ukuta mrefu, hauna dirisha, umepakwa rangi ya krimu na unatazama njia. Linaanza tangazo la mganga, inafuata namba ya simu ya vyumba vya kupanga, kisha majina ya timu, kisha matusi. Mwenye nyumba anaandika kwa herufi nyekundu kwamba ni marufuku kubandika matangazo, na sasa ukuta una maandishi mengine zaidi. Anapaka upya, wanachafua upya.

Kazi yetu ni kuchora michoro mikubwa ukutani, na tunaamini kwa dhati kwamba mchoro unalinda ukuta. Unalinda pale tu ambapo wanaoshinda karibu nao wamehusika kuutengeneza. Mchoro ulioletwa na wageni na kumalizwa wikiendi moja, hata ukiwa mzuri namna gani, vijana wa pale hawana sababu ya kuutetea.

Jiji la Philadelphia, Marekani, limelifanyia kazi jambo hili kwa miongo minne. Mwaka 1984 meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kupambana na uchafuzi wa kuta, na msanii Jane Golden akaajiriwa kufanya kazi na vijana waliokuwa wakiandika kwa rangi za kupuliza. Badala ya kuishia kuwafutisha walichoandika, walifundishwa kuchora. Mwaka 1996 kazi hiyo ikapangwa upya kuwa Mural Arts Program, yaani mpango wa michoro ya ukutani, na mpaka leo imezaa michoro zaidi ya 4,000. Sisi mafundi tunaipendea zaidi mbinu yao ya kitambaa: mchoro unagawanywa katika vipande vya kitambaa, kila kipande kinachorwa mistari na kuwekewa namba za rangi, kisha vinapelekwa shuleni, kwa wazee, hata magerezani, watu wajaze. Vikikauka vinagandishwa ukutani. Bibi asiyeweza kupanda jukwaa naye ana kipande chake pale juu.

Kwetu tunarahisisha. Kwanza tunakaa na mwenyekiti wa mtaa, bodaboda wa kijiwe cha jirani, mama ntilie na vijana wa hapo, tunawauliza wanataka kuona nini kila siku. Michoro ikishakubaliwa tunaipiga kwa chaki. Sehemu ya juu tunapaka sisi. Ile ya chini, kuanzia msingi hadi mkono unapofika, tunawapa wao brashi, tukiwasimamia. Huko chini ndiko matangazo yanakobandikwa na matusi yanakoandikwa, kwa hiyo huko ndiko tunakotaka kazi ya mikono yao.

Maandalizi ya ukuta yanachukua muda kuliko watu wanavyodhani, na hatukubali kuyaruka. Gundi ya matangazo inalowekwa na kukwanguliwa. Rangi iliyobanduka inatolewa kwa brashi ya waya na msasa. Plasta mpya tunaiacha ikauke wiki nne hivi, kwa sababu ikiwa mbichi inaunguza rangi. Ukuta unaotoa chumvi kwa unyevu wa msingi hauchorwi mpaka unyevu utibiwe. Hapo mteja amwite fundi ujenzi kwanza, sisi tutakuja baadaye. Baadaye inakuja praima (koti la kwanza la kushikisha rangi), rangi ya maji ya nje, na mwisho koti la juu lisilo na rangi. Makoti hayo ni ya aina mbili: lile la nta, linaloondoka pamoja na uchafu ukilipiga maji ya moto kwa presha, kisha linapakwa tena, na lile gumu la kudumu, ambalo ni ghali zaidi lakini unasafisha bila kupaka upya.

Kuna kuta ambazo tutakuambia usitulipe. Watu wakikojoa pale kwa sababu stendi haina choo, picha haitawapa choo. Na kama kona ina giza, anza na taa.

Tunahitaji pia kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye ukuta. Ukitaka nembo ya duka lako iwemo, fahamu kwamba mchoro unaweza kuhesabiwa kama bango, na mabango yana ada; ulizia halmashauri mapema.

Kazi ikiisha tunaacha kopo dogo la kila rangi kwa mtu mliyemchagua wenyewe mtaani, mara nyingi mwenye duka la jirani. Alama mpya ikifutwa siku hiyohiyo, aliyeiandika hana cha kuwaonyesha wenzake.

Ukitaka tuje, tutumie picha mbili za ukuta: moja ya asubuhi, nyingine ya jioni watu wakiwa wamekaa pale. Tuambie kama ukuta unalowa wakati wa masika, na nani huwa anashinda hapo. Bei tutakupa baada ya kuongea nao.