Dogo aliyegeuza ndege hakuwa mwoga, tupunguzieni mapokezi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nijibu maneno yanayozunguka hapa Mwanza kuanzia Kirumba mpaka Igombe kuhusu ile ndege ndogo tuliyonunua Nairobi na kijana wetu aliyeirusha kuja nayo nyumbani. Maneno yenyewe kwa kifupi ni kwamba dogo ni mwoga, ndege imeshindwa mbio na basi la abiria, na eti kama ni ya kulala njiani si bora tungeibeba kwenye lori. Mimi ni mmoja wa wamiliki, ni mjomba wake, na nilikaa kiti cha mbele pembeni yake safari nzima, kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza mjue ndege yenyewe. Ni Cessna 172, injini moja, ya zamani ila imetunzwa, vitabu vyake vya matengenezo viko kamili na fundi alivipitia ukurasa kwa ukurasa kabla hatujatoa hata senti. Spidi yake ni kama kilomita 200 kwa saa hivi, sasa watu wakisikia ndege wanafikiria ile mirefu ya kwenda Dar, hapana, hii ina propela moja na inakunywa avigesi, ile petroli ya bluu, siyo mafuta ya majeti. Halafu ina viti vinne lakini hiyo haina maana kwamba utabeba watu wanne. Kiwanja cha Wilson kule Nairobi kiko juu karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari, hewa kule ni nyepesi, injini inapungukiwa nguvu na mabawa nayo hayapati hewa ya kutosha kuinua mzigo, na kwa ndege yetu uzito wote unaoruhusiwa, yaani ndege, mafuta, watu na mabegi, ni kilo 1,043 basi. Dogo alikaa na kalkuleta akatupima mmoja mmoja kama magunia ya dagaa, akamwambia mwenzetu wa tatu, ambaye simtaji ila mnamjua kwa tumbo, apande basi. Alinuna huyo! Lakini alitusindikiza asubuhi, jioni akapanda basi la kupitia Sirari, na kesho yake alfajiri yuko stendi ya Nyamhongolo hapa Mwanza anakunywa chai wakati sisi bado tuko upande wa Arusha. Hapo ndipo utani ulipoanzia.

Sasa nasema ukweli, rubani mgeni na ndege ngeni ni watu wawili wasiojuana wanaopelekwa safari ndefu siku ya kwanza, na hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Leseni ya dogo ni ya rubani binafsi na bado mpya kabisa. Kiwango cha chini cha kimataifa cha kuipata ni saa 40 za kuruka, ambazo ukizifikiria ni kama wiki moja ya kazi ya ofisini. Ndiyo maana kabla ya kuondoka tulimlipa mwalimu akae naye kwenye ndege hiyo hiyo, wakawa wanapaa na kutua, wanapaa na kutua, mpaka ajue inavyolia ikiwa mzima na inavyotetemeka ikikaribia kupoteza mwendo. Kuna mwenzetu mmoja huku nyumbani alilalamika kwenye grupu eti tunachoma mafuta bure.

Na asubuhi ya safari dogo alinichosha kwa ukaguzi. Anachota mafuta kidogo chini ya bawa kwenye kichupa aangalie kama kuna maji, anachungulia kale kabomba kanakopima mwendo wa ndege kwa kusukumwa na hewa, maana nyigu wanapenda kujenga humo. Nilimcheka, akanieleza ajali ya Jamhuri ya Dominika mwaka 1996, ndege kubwa ya Boeing 757, watu 189 walikufa wote, na wachunguzi walishuku kabomba kama hako kaliziba, pengine kwa udongo wa nyigu, marubani wakasomewa spidi ya uongo. Sikucheka tena.

Basi tukatoka Wilson vizuri tukashuka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kwa ajili ya forodha na uhamiaji. Makaratasi yakala muda, mchana ukapita, na huku simu yangu haikai kimya. Mko wapi. Mbuzi ameshachinjwa. Shangazi zake wako kiwanjani tangu saa sita. Mtu wa kamera amelipwa mpaka saa kumi. Kuna aliyeandika mwambieni dogo akanyage mafuta, kana kwamba ile ni Noah ya kwenda Magu!

Tulipaa, tukafika usawa wa Ziwa Manyara, mbele kule ilipo Ngorongoro hakuna Ngorongoro, ni mawingu meupe yamekalia milima yote mpaka juu. Ukingo wa kreta peke yake uko mita zaidi ya 2,200 na nyuma yake kuna vilele vinavyopita 3,000, kwa hiyo humo ndani ya wingu kuna mawe. Dogo aliangalia kidogo tu, akasema, "Mjomba, leo hatufiki. Na hiyo simu naomba uizime." Akageuza.

Hicho ndicho mnachokiita uoga. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani waliwachukua marubani 20 ambao hawajafunzwa kuruka kwa kutegemea vyombo vya kupimia vya ndani ya ndege peke yake, wakawanyima kuona nje kama vile wameingia kwenye wingu. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege, na kwa wastani ilichukua sekunde 178. Dakika tatu hazifiki! Sababu ni kwamba ndani ya wingu sikio linakudanganya, unahisi umenyooka kumbe ndege imelala upande na inazunguka inashuka, unavuta usukani kuiinua na unazidisha kuzunguka. Na kitu ambacho wale watafiti walikuwa wanataka kuwafundisha marubani ni hicho hicho alichofanya dogo, kugeuza nyuzi 180 na kurudi ulikotoka, ila yeye aligeuza akiwa bado nje kwenye mwanga.

Mkitaka mfano wa mtu mkubwa, mwangalieni John Kennedy mdogo, mtoto wa yule rais wa Marekani. Ndege yake, Piper Saratoga, alikuwa ameinunua Aprili 1999, haijafikisha hata miezi mitatu mikononi mwake, na Julai 16 mwaka huo akaruka usiku juu ya bahari kwenye ukungu na mke wake na shemeji yake. Alikuwa hajapata kibali cha kuruka kwa vyombo. Wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo, wote watatu wakafa. Walikuwa wanawahi harusi ya familia kesho yake. Mnaona hapo? Ndege mpya, na watu wanaosubiri.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kuambiwa sana haya. Novemba 6 mwaka 2022 pale Bukoba ndege iliingia ziwani asubuhi kwenye hali mbaya ya hewa, watu 43 ndani, 19 wakafa, na hiyo ilikuwa ndege ya abiria yenye injini mbili na marubani wa kazi. Wavuvi ndio waliofika kwanza. Halafu mtu huyo huyo aliyelia siku ile leo anakaa kijiweni anamcheka mtoto aliyekataa kuingia kwenye wingu.

Kesho yake tuliondoka mapema, milima yote iko wazi, Serengeti chini yetu imenyooka mpaka macho yanachoka. Tulipofika Ghuba ya Speke nilimuuliza mbona hakati moja kwa moja juu ya maji, akasema ndege hii injini ikizima kutoka mita 1,000 juu itaelea kama kilomita tisa hivi, kwa hiyo anataka kila wakati awe na nchi kavu ndani ya hizo tisa. Na tabia ya ziwa letu wavuvi wanaijua, usiku upepo wa nchi kavu unakutana katikati ya maji na radi zinapigana huko mpaka asubuhi, mchana upepo unageuka mvua inasukumwa pwani, kwa hiyo saa za kupita salama zinachaguliwa, hazipangwi na mtu wa kamera. Njiani kila baada ya muda alikuwa anavuta kitufe cha kupasha moto kabureta, maana hewa yenye unyevu inaweza kugandisha barafu mle ndani hata siku ya joto, kitu ambacho nilidhani ananitania mpaka nikamuuliza fundi.

Tukatua. Mapokezi hayakuwepo, mbuzi alishaliwa jana yake, na kwa kweli nilishukuru, dogo alifunga ndege kwa kamba taratibu bila mtu kumvuta mkono apige picha.

Ombi langu kwa wasomaji, na kwako pia mhariri, ni dogo. Nasikia kuna jamaa wa upande wa Geita nao wanatafuta ndege. Siku wakiileta, andikeni kwamba wameinunua, andikeni bei kama wataitaja, lakini saa ya kutua msiitangaze, na ndugu zao wasiende kiwanjani mpaka wapigiwe simu kwamba magurudumu yako chini.

Mmiliki mwenza,
Ilemela, Mwanza