Salamu za Noeli kutoka Dodoma, kwa wanaohudumu mpaka Februari

Mbukwenyi, ndugu zetu!

Noeli inatukuta mvua za kwanza zimeshagusa ardhi. Walioberega mapema, yaani waliopanda bila kutifua shamba, wanaangalia kama mtama umechomoza, wengine bado wanahangaika kupata mbegu ya uwele, na vilima vya upande wa Chamwino na Mpwapwa vimeanza kuvaa kijani. Mkoa wetu unapendeza kuutazama siku hizi, lakini wanaoishi hapa wanajua kinachoendelea jikoni. Akiba ya mavuno ya Mei na Juni imepungua, nyumba nyingine imekwisha kabisa, na shamba ndiyo kwanza linadai nguvu. Kuanzia sasa hadi maboga na mahindi mabichi yaanze kutoka, hii ndiyo miezi migumu kuliko yote.

Salamu zetu za mwaka huu tunazielekeza kwa watu wa huduma: idara za huduma za jamii za dayosisi na majimbo, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Umoja wa Akina Mama, viongozi wa jumuiya ndogondogo, wazee wa usharika, masista, wauguzi, walezi wa makao ya watoto, madereva wa magari ya kliniki za vijijini, na yule mama anayeshika ufunguo wa ghala la mtaa bila kulipwa chochote. Heri ya Noeli kwenu nyote. Tunawasalimu pia ninyi mnaoandaa vyeti na zawadi za kuzitambua huduma bora za makanisa, maana mwisho wa mwaka ndiyo majira yake. Ombi letu kwenu ni moja: mtazameni kwanza yule ambaye kazi yake ipo Februari.

Desemba kila mtu yupo. Magari yanaingia kwenye makao ya watoto na mchele, mafuta, sabuni, soda na biskuti, na tarehe 25 watoto wanakula vizuri. Tunashukuru kwa kila kilo. Ila tufanye hesabu. Mtu mmoja huhitaji kama gramu 400 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kaya ya watu 6 inakula kilo 2.4. Mfuko wa mchele wa kilo 10 ukitolewa mkesha wa Noeli, tarehe 28 umekwisha. Gunia la kilo 100 linaifikisha kaya hiyo siku 41, yaani mwanzoni mwa Februari. Toka Noeli hadi mavuno ya mwishoni mwa Mei ni siku 150 hivi, na hizo ni kilo 360 kwa kaya moja tu. Huduma inayostahili kuitwa ya mfano iliipiga hesabu hii tangu Juni, wakati nafaka ipo na bei iko chini. Haikusubiri mtu aje mlangoni analia.

Ndiyo maana sisi huanza kwa kuuliza habari za ghala. Ghala la nafaka la kanisa linaloendeshwa vizuri lina utaratibu unaoeleweka hata kwa asiyesoma. Linanunua au kukusanya Juni na Julai. Linakopesha Januari na Februari. Linarudishiwa baada ya mavuno kwa nyongeza ndogo, mathalani aliyechukua kilo 100 anarudisha 110, na zile 10 zinafidia zilizopungua ghalani na kuwalisha wasioweza kurudisha: wajane wazee, wagonjwa wa kitandani, watoto wanaojilea wenyewe. Kwa kaya 50 zinazokopa gunia moja moja, linahitaji tani 5. Sehemu kubwa ya maghala yanayokufa hayafi kwa wizi. Yanakufa mwaka mvua ikikata, ambapo hakuna anayeweza kurudisha na hakuna aliyeandika mapema nini kifanyike. Wanaojua kazi huandika tangu mwanzo kwamba mwaka wa ukame deni linasogezwa msimu mmoja bila nyongeza, na huweka pembeni robo ya akiba isiyokopeshwa. Halafu funguo: kufuli tatu, watu watatu, na angalau mmoja wao awe mwanamke mkopaji.

Ndani ya ghala lenyewe tazameni magunia. Mengi ya maghala mazuri siku hizi yanatumia mifuko ya kinga njaa, ambayo ina mifuko miwili ya nailoni ndani na gunia la kawaida nje. Inafanya kazi kwa kumnyima dumuzi hewa, kwa hiyo nguvu yake yote iko kwenye kufunga. Mfuko wa ndani unajazwa, hewa inakamuliwa, shingo inasokotwa, inakunjwa na kufungwa kwa kamba imara. Wa pili vivyo hivyo, kisha gunia. Anayefungua kila siku kuchota visado viwili vitatu anamrudishia mdudu pumzi, na baada ya wiki chache atakuta unga palipokuwa na punje. Bora gunia moja ligawiwe siku moja kwa kaya mbili, likaishe. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi, kwa sababu panya akitoboa nailoni sehemu moja tu kazi yote imepotea.

Na nafaka isifungwe mbichi. Kipimo hakihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia nafaka hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokauka vizuri juani, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha nafaka juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Tunalisisitiza hili kwa sababu kanda yetu ina kumbukumbu chungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na ukungu kwenye mahindi na karanga, haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Ugali unaweza kutokota saa nzima na sumu ikabaki palepale.

Hapo ndipo sadaka nzuri inapoweza kuleta madhara. Unga wa lishe unaopelekwa kwa watoto kila Noeli mara nyingi ni mchanganyiko wa mahindi, karanga, soya, mchele na ngano, umesagwa mahali pasipojulikana, na karanga zake hakuna aliyezichambua. Mtoto wa miezi 8 anakunywa uji huo mara tatu kwa siku. Vikundi vya akina mama tunavyovipongeza kwa moyo wote vimebadilisha utaratibu: vinasaga mtama au uwele peke yake, ambavyo kwa kawaida haviathiriki sana kama mahindi. Karanga zinachambuliwa punje moja moja juu ya ungo, zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye rangi isiyo yake zinatupwa mbali hata kuku wasizipate, kisha zinatwangwa kidogo kidogo za siku hiyo na kutiwa kwenye uji ukiwa jikoni. Kazi hiyo ya ungo haina anayeipiga picha. Tunaomba mwaka huu ipate cheti.

Tuseme na habari ya macho. Kanda ya kati inafahamika kwa trakoma, na Kongwa ni miongoni mwa maeneo ambayo ugonjwa huo umechunguzwa kwa miaka mingi. Hospitali ya Mvumi, ya Dayosisi ya Central Tanganyika ya Kanisa Anglikana, imewahudumia wagonjwa wa macho kizazi baada ya kizazi. Trakoma husambazwa na nzi, mikono, na kanga moja inayofuta nyuso za watoto wanne. Ikikaa miaka, kope hugeukia ndani na kukwaruza mboni kila mtu anapopepesa, mpaka anapofuka. Upasuaji upo na dawa zipo, lakini bila kunawa uso maambukizi yanarudi. Familia inayofuata maji kilomita kadhaa haiwezi kuambiwa tu "naweni". Kibuyu chirizi kimesaidia sana: dumu la lita 5, tundu dogo la msumari karibu na mdomo, kamba, kijiti cha kukanyaga, na uso wa mtoto unanawika kwa maji ya kikombe kimoja. Kinachoharibika ni kamba, na kinachoibwa ni sabuni. Shule ya Jumapili inayokagua vibuyu chirizi kila wiki, kubadilisha kamba na kutundika sabuni ndani ya soksi kuukuu inaokoa macho.

Kwenye kambi za mtoto wa jicho watu huhesabu waliofanyiwa upasuaji. Hesabuni pia waliorudi kuangaliwa. Bandeji hufunguliwa kesho yake, matone hutumika wiki kadhaa, na mgonjwa hatakiwi kufikicha jicho, kuinama kubeba ndoo wala kukaa kwenye moshi wa kuni. Jicho likianza kuuma na kuona kukapungua, arudi siku hiyohiyo, asisubiri kliniki ijayo. Sasa bibi wa miaka 75 kutoka kijijini hawezi kurudi peke yake, na nauli ya mtu wa kumsindikiza ndiyo inayosahaulika kwenye bajeti nyingi. Mkiona huduma iliyoandika mstari wa "nauli ya msindikizaji", mjue hapo kuna mtu anayeijua kazi.

Maji tutayagusa kwa kifupi. Visima vingi vya kwetu vina chumvi, na mabati ya kanisa ni utajiri unaolala. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Jengo la mita 20 kwa 10, mvua ya milimita 20 ikipiga usiku mmoja, ukitoa robo hivi ya kupotea bado mna lita 3,000. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo bomba lielekezwe kwenye tangi. Mifereji ikaguliwe kabla ya Novemba, tangi lifunikwe mbu wasizaliane, na koki ya akiba iwe kabatini, kwani koki ya shilingi chache ikivunjika tangi zima linamwagika.

Kuhusu watoto, tunakisalimu Kijiji cha Matumaini hapa Dodoma, kinachowalea tangu mwaka 2002 watoto wanaoishi na VVU. Kwa walezi wote wanaowaruhusu watoto wa namna hiyo kwenda kwa ndugu sikukuu hii: dawa zihesabiwe kwa siku za safari na ziongezwe za siku tatu au nne, maana basi la Januari halina uhakika. Zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye buti. Na ndugu mmoja mtu mzima, anayejua kila kitu, awekewe kengele kwenye simu kwa saa ileile ya kila siku. Tunaisalimu pia Shule ya Wasioona ya Buigiri, iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950. Anayetaka kupeleka zawadi huko afikirie karatasi nene za breli, fimbo nyeupe, na kwa watoto wenye ualbino kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Jua la Dodoma haliendi likizo. Na kwa kila makao ya watoto, ulizeni kabla ya kufungasha. Mara nyingi kinachopungua Januari ni sare, viatu vya shule, taulo za kike, gesi na umeme wa LUKU.

Kwa hiyo ninyi wa kamati za vyeti, msiridhike na taarifa iliyochapwa vizuri na picha za kukabidhi. Ombeni daftari la kupokea na kutoa, mlifungue ukurasa wa Februari iliyopita, mchague majina matatu mkayatembelee majumbani pamoja na afisa ustawi wa jamii wa kata. Ulizeni nani aliyeyapendekeza majina hayo, na kama yupo Mwislamu au mtu wa kanisa jingine ndani ya orodha. Kwenye vijiji vyetu njaa haiulizi mtu anasali wapi, na huduma nzuri nayo haiulizi. Angalieni kama kuna majina yaliyokatwa kwa sababu kaya imeweza kujitegemea. Hilo ndilo jina linalotufurahisha zaidi kuliko yote. Mkiridhika, andikeni kwenye cheti jambo lenyewe: kilo ngapi, kaya ngapi, kwa miezi mipi. Na kisomwe kanisani mbele ya waliopokea, wakiwa na nafasi ya kusema kama ni kweli.

Mwaka ujao tunapendekeza sherehe yenyewe ihamishwe kutoka Desemba. Ifanyike Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, chakula kiwe ugali wa uwele na mlenda mkavu, na sadaka ya siku hiyo iende kununua mifuko ya kinga njaa ya mavuno yanayofuata.

Heri ya Noeli, na Mwaka Mpya wenye mvua inayokuja kwa wakati. Tuonane Februari, ghalani.