Glaida si ndege iliyoharibika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Jumapili iliyopita mliandika habari za watu mashuhuri wanaorusha glaida, zile ndege zisizo na injini, siku za mapumziko. Kichwa cha habari kilisema wanachezea roho zao kwenye "ndege mbovu", na chini yake mkaweka picha ya ndege yenye pangaboi puani. Hiyo si glaida. Labda ndiyo iliyokuwa ikiivuta, maana glaida hupandishwa kwa kufungwa kamba nyuma ya ndege nyingine, au huvutwa na winchi kutoka chini, kisha kamba huachiwa. Injini yake haikufa. Haikuwekwa tangu kiwandani.

Mimi si rubani. Nimepanda ndege mara mbili maishani, kwenda Dar es Salaam na kurudi, na mara zote mbili nilifumba macho. Ila nimeendesha mitumbwi ya tanga, baadaye ya mashine, kati ya Ukerewe na Mwanza kwa miaka 31. Kwenda bila injini nakuelewa kidogo.

Mlimpa Neil Armstrong mstari mmoja. Mtu ameshakalia roketi, ametua mwezini Julai 1969, halafu akitaka kujifurahisha anachagua ndege isiyo na hata plagi moja! Mngekaa hapo kwanza kabla ya kukimbilia waigizaji.

Na Bob Pearson hamkumtaja kabisa. Julai 23, 1983 alikuwa nahodha wa Boeing 767 huko Kanada, ndani watu 69. Nchi yao ilikuwa inahamia vipimo vya metriki, na waliopiga hesabu ya mafuta wakatumia ratili mahali pa kilo. Ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Yakaisha angani, injini zote mbili kimya. Pearson alikuwa mrushaji wa glaida. Wakaelekea Gimli, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga, ambacho siku ile watu walikuwa wanashindania magari. Walipokaribia, wakajikuta wako juu mno na mwendo ni mkali. Bila injini huwezi kuzunguka ukajaribu tena. Akailaza ndege ubavu, ikawa inashuka kwa upande, kama warusha glaida wanavyofanya wakitaka kupunguza kimo. Gurudumu la mbele likakunjika, ndege ikaburuza pua, na hakuna aliyekufa.

Habari hiyo mwanangu alinisomea kwenye simu nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu yalinipata. Tulitoka Nansio na abiria wanane na magunia ya machungwa. Kijana wangu alihesabu madumu ya petroli, matatu, sawa. Hakuyainua. Moja lilikuwa tupu, na jingine aliyetuuzia alilijaza nusu. Mashine ikazima kisiwa hakionekani vizuri mbele wala nyuma. Mama mmoja akaanza kusali kwa sauti. Tukavua turubai lililofunika machungwa, tukalifunga kwenye upondo, tukangoja. Ilikuwa mchana, upepo wa ziwani unaelekea nchi kavu, ukatubeba polepole hadi Mwaloni, jua limeshazama. Yule kijana hakuwahi kushika tanga kabla ya siku hiyo. Vijana wa siku hizi ukiwauliza upepo unatoka wapi wanatazama simu.

Rubani Sullenberger wa Marekani mlimweka, vizuri. Januari 15, 2009 ndege wa porini waliziharibu injini zake zote mbili juu ya New York, akatua kwenye mto Hudson, watu wote 155 wakatoka hai. Alifundisha wenzake glaida alipokuwa chuo cha jeshi la anga. Mkaandika kuwa glaida ndiyo iliyomwokoa. Mwenyewe ameshasema hapana, ile ndege kubwa ina tabia zake. Namheshimu kwa hilo. Na niseme tu, sisi wa ziwa hili, baada ya ndege ya abiria kuanguka majini kule Bukoba Novemba 2022, habari ya ndege na maji hatuisomi kwa wepesi.

Sasa hilo la kuchezea roho. Mwandishi wenu asimame Capri Point, kilima chetu cha mawe hapa Mwanza, jua likishapanda. Mawe yetu haya yakipata moto, hewa juu yake inapanda, na mwewe na wale korongo wenye upara wanaingia humo, wanazunguka, hawapigi bawa, wanapanda tu. Rubani wa glaida anatafuta hewa hiyohiyo. Juu ya maji mchana hawamo, kwa kuwa ziwa ni baridi kuliko nchi kavu. Usiku mambo hugeuka, ziwa ndilo lenye joto, ndiyo maana radi zetu hupenda usiku na alfajiri, na wavuvi wa dagaa wanalijua hilo kwa machozi. Milimani kuna hewa nyingine, inayogonga mlima ikarushwa juu: Agosti 2006 Steve Fossett na Einar Enevoldson walipanda nayo kwa glaida kule Ajentina kupita mita 15,000. Hakuna mwewe huko.

Mmeandika pia kwamba huu ni mchezo wa Wazungu na haujawahi kufika kwetu Afrika. Mwaka 1962 Kwame Nkrumah alimleta Ghana rubani wa Kijerumani, Hanna Reitsch, akaanzisha shule ya glaida Afienya, vijana wa Kighana wakafundishwa kuruka. Mama huyo jina lake lina doa zito, alikuwa mtu wa Hitler, na sijui Mzee Nkrumah alilimezaje hilo. Alibaki huko mpaka Nkrumah alipopinduliwa Februari 1966. Lakini shule ilikuwepo.

Naomba msahihishe picha, na neno "mbovu" mliondoe. Mwandishi akitaka kuja, Kirumba nipo. Afike saa nne au saa tano asubuhi. Akija jioni mwewe watakuwa wameshatua na mimi nitakuwa nimelala.

Nahodha mstaafu,
Kirumba, Mwanza