Harambee ya rangi: jua linakula mapanga ya kinu chetu cha upepo

Wazazi, walezi, na ninyi mliosoma hapa zamani,

Tulipokishusha kinu cha upepo ili tukitie grisi, mwanafunzi mmoja alipitisha kidole kwenye panga, kikatoka cheupe kama ameshika chaki. Upande unaopigwa na jua umegeuka manjano, na kwenye ncha za mapanga mawili kuna nyufa nyembamba kama nywele. Kinu hiki ndicho kinachochaji betri za taa za maktaba. Hatutakipandisha tena hivi kilivyo.

Mapanga hayo tuliyachonga wenyewe kutokana na bomba la PVC. Plastiki hiyo haiozi, ila jua haliisamehe. Miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, hukatakata minyororo ya molekuli zake. Klorini iliyomo hutoka kama asidi, rangi ikabadilika, plastiki ikakauka na kuwa dhaifu. Bomba lililofukiwa hudumu miongo. Panga liko juani kutwa, huku likivutwa na mzunguko na kutikiswa na kila upepo mkali. Likikatika halidondoki, hurushwa, na chini yake watoto wanacheza.

Rangi haiungi ufa. Mapanga mawili yaliyopasuka tutayatupa na kuchonga mapya; lile zima tutaliosha kwa sabuni na kulisugua. Kwa hiyo tunaomba kipande cha bomba nene, msasa laini, brashi, mizani ndogo, na rangi nyeupe ya maji ya akriliki, ile ya kuta za nje.

Tunajua wengine mna kopo la rangi ya mafuta lililobaki stoo. Ahsanteni, lakini hilo libaki huko: haishiki vizuri kwenye PVC, na tina, ile ya kuzimulia rangi, inaweza kuilainisha plastiki. Nyeusi nayo hapana, kwani hunyonya joto, na PVC huanza kulegea ikikaribia nyuzi 80. Nyeupe ina dioksidi ya titani, inayoizuia miale hiyo isifike kwenye plastiki.

Mizani msiione ya ajabu. Panga moja likibeba rangi kuliko wenzake, kinu kitatetemeka hadi kilegeze bolti zake, hivyo kila panga litapimwa kabla na baada ya kupakwa.

Vifaa vipokelewe ofisini kwa mwalimu wa sayansi. Asiye na cha kuleta aje na mikono yake: mapanga ni matatu, kila moja lina pande mbili, na kila upande unapakwa mara mbili.