Kwako Mdogo Wangu, Uliyevunja Tawi la Sakura Hirosaki

Mdogo wangu,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea kwa furaha, ila tulizunguka mambo yote tukaliruka lile tawi la sakura, mcheri wa maua, ulilolivunja kwenye bustani ya ngome ya Hirosaki, mkoani Aomori, Japani. Mpaka leo naliona: linaning'inia kwa gome, unene wa kidole gumba, nawe unalivuta usoni upigwe picha.

Wasema nilikufokea mbele za watu. Nilifoka. Tawi likivutwa hivyo, gome huchunika kushuka chini na kidonda hakifungi. Maji hutuama, ukungu huingia, mti ukaoza kuanzia ndani. Watunzaji wa pale hupogolea mwishoni mwa baridi, theluji ikiwa bado chini. Hukata tawi kwenye shina lake bila kuacha kisiki, kisha hupaka kidonda dawa ya kuzuia ukungu. Ufundi huo ni wa wakulima wa matufaha, na hakuna mkoa Japani unaoishinda Aomori kwa matufaha. Somei Yoshino, aina ya sakura, husemwa kuishi miaka 60 hadi 80. Pale zaidi ya miti 300 ya aina hiyo imevuka miaka 100, na mmoja ulipandwa 1882. Ningenong'ona, ungevunja la pili!

Uliuliza mbona mnara wa ngome haukuwa ukingoni mwa ukuta kama kwenye picha za zamani. Ukuta wa mawe ulituna, ikahofiwa tetemeko litauangusha, hivyo mwaka 2015 mnara mzima, kama tani 400, uliinuliwa kwa jeki ukatelezeshwa kwenye reli takriban mita 70. Ni wa orofa tatu, wa 1810. Ule wa kwanza, wa orofa tano, uliungua kwa radi 1627, miaka 16 tu baada ya ngome kukamilika. Bustani ilifunguliwa kwa umma 1895. Hayo ningekueleza palepale, ila ulikuwa umeshaninunia.

Ukirudi, njoo mwisho wa Aprili na koti zito, kule kaskazini bado kuna baridi. Ingia lango la kusini, Otemon. Mkeka usiutandike chini ya mti: mizizi ya sakura iko juujuu, na udongo ukishindiliwa na miguu hukosa hewa. Ukichelewa maua, usisikitike. Nenda alfajiri kwenye handaki la maji la nje ya ngome, kabla upepo haujaamka. Petali hufunika maji yote, rangi ya waridi tupu, bata wakipita wanaacha mstari mweusi nyuma yao. Nilitaka sana uone hilo.

Kwa ukali wa sauti naomba radhi, mdogo wangu. Kwa nilichokisema, hapana.